Marekani hakuna tume ya uchaguzi. Sasa kura zao anasimamia nani?

Mzaramo Ughaibuni

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mmoja humu jukwaani mdau aliuliza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Marekani anaitwa nani. Mkamcheka, mkamwambia aende Google. Mimi sikucheka. Swali hilo hilo niliwahi kuuliza mwaka wangu wa kwanza huku Ohio, nikatazamwa kama nimeuliza bei ya mvua. Mwenyekiti huyo hana jina kwa sababu hayupo.

Kuna kitu kinaitwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, kimetokana na sheria ya 1974. Kazi yake ni fedha za kampeni peke yake: nani kamchangia nani, shilingi ngapi. Haiandikishi mpiga kura hata mmoja, haichapi karatasi, haitangazi mshindi. Katiba yao iliacha kila jimbo lipange uchaguzi lenyewe, majimbo mengi yakazitupia kaunti, na kaunti zipo zaidi ya 3,000. Kwa hiyo ile Jumanne ya Novemba mnayokesha nayo kwenye TV ni chaguzi elfu tatu na ushee zilizoangukia siku moja, kila moja na karatasi yake na mashine yake.

(Nikisema "jimbo" humu namaanisha Ohio, Texas na wenzake. Jimbo la mbunge kama tunavyolijua Bongo nitaliita eneo la ubunge, tusije tukagombana bure.)

Na mshindi anayetangazwa usiku ule? Anatangazwa na waandishi wa habari. Shirika la AP limekuwa likikusanya matokeo kaunti kwa kaunti tangu 1848. Matokeo rasmi yanakuja wiki kadhaa baadaye, wajumbe wa majimbo wanapiga kura zao Desemba, Kongresi inazihesabu tarehe 6 Januari. Kufikia hapo watu walishasahau hata nani aliongea nini.

Sasa kaeni vizuri. Juu ya kaunti, ngazi ya jimbo, kuna mtu anaitwa katibu wa jimbo. Ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi. Katika majimbo mengi anachaguliwa kwa kura, kwa tiketi ya chama, kama gavana. Florida mwaka 2000, Bush alipomshinda Gore kwa kura 537 kati ya karibu milioni 6, aliyetia sahihi matokeo ni Katherine Harris, katibu wa jimbo, ambaye pia alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush pale pale Florida. Georgia mwaka 2018, Brian Kemp alikuwa katibu wa jimbo huku akigombea ugavana. Uchaguzi aliousimamia ulikuwa wake mwenyewe. Akashinda kwa kura zisizofika 55,000, na barua ya kujiuzulu ukatibu akaiandika siku mbili baada ya watu kupiga kura.

Refa kavaa jezi namba tisa, na mechi imeisha, na watu wameenda nyumbani.

Pangu Pakavu

Siti ya mbele, karanga mkononi. Mleta mada shusha nondo.

Chuma Ulete

Kwa hiyo miaka yote wanatuma waangalizi huku kutukagua kumbe kwao refa ndiye mshambuliaji? Basi na wao wanaiba kama wengine, tofauti yao wana suti nzuri.

Mzaramo Ughaibuni

Mkuu Chuma Ulete, ungekuwa umesema kweli uzi huu ungekuwa mfupi.

Nimekaa kituoni hapa Columbus chaguzi tatu kama karani. Unalipwa posho kidogo, unaamka saa kumi usiku, kituo kinafunguliwa saa 12:30 asubuhi na kufungwa saa 1:30 jioni. Sheria ya Ohio inataka makarani wa kituo wasizidi nusu kutoka chama kimoja. Mwenzangu mezani kila mara amekuwa mama mmoja mstaafu, Mrepublican wa kutupwa, anakuja na mkate wa ndizi. Kila kinachofunguliwa tunafungua wawili. Kura zikirudishwa makao ya kaunti zinasafiri na watu wawili, mmoja wa kila chama. Ghala la kura lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Wademokrat, mmoja kwa Warepublican. Bodi ya kaunti ina wajumbe wanne, wawili kwa wawili, na kaunti ziko 88, zote hivyo hivyo. Wakifungana mbili kwa mbili, shauri linapanda kwa katibu wa jimbo. Naam, yule wa jezi namba tisa.

Kuiba ndani ya mfumo huo inabidi mtangaze kwanza kikao cha wezi, na nusu ya wajumbe wa kikao wawe mahasimu zenu.

Tena refa huyo mara nyingine anakataa. Tarehe 2 Januari 2021 Trump alimpigia simu katibu wa jimbo la Georgia, Brad Raffensperger, Mrepublican mwenzake, akimtaka amtafutie kura 11,780, maana Biden alikuwa amemzidi 11,779. Simu imerekodiwa, dunia nzima imesikia. Jamaa hakumpa hata moja.

Ugomvi mkubwa wa hawa watu umekaa mlangoni. Nani aruhusiwe kuingia kwenye foleni, na foleni hiyo ihesabiwe kuwa ya eneo la nani. Ukifika kwenye sanduku, mengi yameshaamuliwa zamani.

Dada wa Kisauni

Sisi Kenya vita vyetu vyote viko kwenye kuhesabu: fomu 34A ya matokeo ya kituo, seva, ukumbi wa Bomas yanakojumlishwa, halafu mahakamani. Hiyo ya mlangoni nieleze vizuri kaka. Si katiba yao imesema kila mtu ana haki?

Mzaramo Ughaibuni

Dada yangu, katiba ile haijawahi kusema "kila raia ana haki ya kupiga kura" kwa sentensi moja nzima. Inasema usimnyime mtu kwa sababu fulani. Sababu zimekuwa zikiongezwa moja moja: rangi 1870, jinsia 1920, kutolipa kodi 1964, umri kuanzia miaka 18 mwaka 1971. Ukimnyima kwa sababu ambayo haijatajwa, umepita katikati ya matundu ya wavu.

Na wamepita! Mississippi walipoandika katiba yao ya 1890 hawakuandika popote kwamba Mweusi asipige kura. Waliandika kwamba mpiga kura alipe kodi ya kichwa ya dola 2, na aweze kusoma kifungu cha katiba ya jimbo, au akisomewa aweze kukieleza. Anayeamua kama umeeleza vizuri ni karani. Mzungu anaulizwa kifungu cha mstari mmoja, Mweusi anapewa cha kodi za mashirika. Louisiana mwaka 1898 wakaona mtihani huo unawaangusha na Wazungu maskini, wakabuni kifungu cha babu: kama wewe, baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya Januari 1867, umesamehewa mtihani. Sasa Mweusi gani wa Louisiana babu yake alipiga kura kabla ya 1867? Mwaka 1896 Weusi walioandikishwa jimboni walikuwa 130,334. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Halafu chama. Kusini yote wakati ule ilikuwa ya Democratic, kama kwetu enzi za chama kimoja. Ukishinda kura za maoni ndani ya chama umeshakuwa mbunge, Novemba ni sherehe tu. Basi Texas wakasema chama ni klabu ya watu binafsi, na klabu ina haki ya kuchagua wanachama, na klabu hii ni ya Wazungu. Mahakama ya Juu ililizima hilo mwaka 1944 tu.

Nikitaka kuwaonyesha ilivyokuwa kwa mtu mmoja, namchukua Fannie Lou Hamer. Mchuma pamba, Mississippi, umri miaka 44. Agosti 1962 alipanda basi na wenzake 17 kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu kinachohusu sheria ambazo yeye hakuwahi hata kuzisikia, akafeli. Wakati wa kurudi polisi wakalisimamisha basi na kumkamata dereva. Kosa: basi lina rangi ya njano kupita kiasi, linafanana na la shule. Hamer alipofika nyumbani usiku, mwenye shamba akamwambia afute ombi lake la kujiandikisha au aondoke. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 18. Akaondoka usiku ule ule. Miaka miwili baadaye alikuwa Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa Democratic, mbele ya kamera, akisimulia alivyopigwa na polisi mahabusu na kuuliza kwa nini ujumbe wa Wazungu watupu ndio unaokalia viti vya Mississippi. Chama kikawapa wenzake viti viwili vya kuonja. Wakavikataa.

Kisa kingine kifupi kwa sababu kinanichekesha kwa uchungu: Tuskegee, Alabama, 1957. Mji wenye chuo kikubwa cha Weusi, wasomi, mitihani wanaifaulu. Bunge la jimbo likaichora upya mipaka ya mji kutoka mraba hadi umbo la pembe 28. Wapiga kura Weusi wapatao 400 wakajikuta wanaishi nje ya mji bila kuhama, wakabaki wanne au watano. Mzungu hata mmoja hakutolewa.

Mzee Kura Tatu

Vijana, mimi mnaniona jina langu mnadhani ni utani. Tanganyika 1958 tulipoingia uchaguzi wa kwanza, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amefika darasa la nane, au ashike kazi zilizotajwa. Na ukiingia kupiga, lazima umchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ukiacha mmoja kura imeharibika. Ndiyo hiyo kura tatu. TANU walikaa Tabora Januari 1958 wakagombana vibaya kama tushiriki au tususe. Mwalimu akashinda hoja ya kushiriki, Mtemvu akatoka na kuanzisha chama chake. Kwa hiyo huyo karani wa Mississippi tunamjua, kwetu alikuwa anavaa kaptula na soksi ndefu.

Pangu Pakavu

😂😂 Soksi ndefu! Shikamoo mzee.

Dada wa Kisauni

Subiri. Umesema waliokuwa wanawazuia Weusi ni Democratic? Si hicho ndicho chama cha Obama?

Mzaramo Ughaibuni

Ndicho hicho, jina moja. Republican kilianzishwa 1854 na watu waliopinga utumwa kuenea, Lincoln ni wao, na Weusi waliobahatika kupiga kura walikipigia hicho kwa miaka mingi hadi Rais Roosevelt, Mdemokrat, alipoanza kuwavuta miaka ya 1930. Wademokrat wa Kusini ndio walioshika mlango. Mwaka 1948 chama kilipogusa haki za kiraia kidogo tu, Strom Thurmond wa South Carolina akatoka na kugombea urais peke yake. Mwaka 1964 Rais Johnson, Mdemokrat wa Texas, akatia sahihi sheria ya haki za kiraia. Mpinzani wake wa urais mwaka huo, Goldwater wa Republican, alikuwa ameipinga Seneti, akashinda kwao Arizona na majimbo matano ya Kusini kabisa. Thurmond naye akahamia Republican mwaka huo huo. Nyumba zimebaki pale pale, waliohama ni wapangaji. Ndiyo maana mtu akikuambia "chama cha Lincoln" au "chama cha kibaguzi cha Kusini" bila kutaja mwaka, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Turudi mlangoni. Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600 walitoka Selma, Alabama, kwa miguu kwenda mji mkuu Montgomery kudai kuandikishwa. Daraja walilovuka linaitwa Edmund Pettus, jina la jenerali wa upande uliopigania utumwa. Ng'ambo ya daraja polisi wa jimbo wakawapiga kwa virungu na mabomu ya machozi, John Lewis, mmoja wa viongozi wa msafara, akapasuliwa kichwa, TV zikaonyesha usiku ule ule. Tarehe 6 Agosti Johnson akatia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Meno ya sheria ile yalikuwa kifungu cha tano. Majimbo yenye historia mbaya hayaruhusiwi kubadili chochote cha uchaguzi, hata kuhamisha kituo kutoka shule kwenda kanisani, mpaka Washington ikubali kwanza. Yaani mzigo wa kuthibitisha ukahama kutoka kwa mnyonge kwenda kwa serikali. Mississippi, Weusi walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7 mwaka 1965. Mwaka 1967 walikuwa 59.8. Miaka miwili!

Chuma Ulete

Hapo nawapa maua yao. Sasa tatizo limebaki wapi? Hiyo ni historia.

Mzaramo Ughaibuni

Limebaki tarehe 25 Juni 2013. Kaunti ya Shelby, Alabama, ilishtaki, na Mahakama ya Juu kwa majaji 5 dhidi ya 4 ikasema orodha ya majimbo yanayopaswa kuomba ruhusa imechakaa, hali imebadilika. Kifungu cha tano hawakukifuta. Waliifuta orodha. Kufuli ipo, mlango hakuna. Jaji Ginsburg aliandika kwenye pingamizi lake kwamba huku ni kutupa mwavuli mvua ikinyesha kwa sababu hujalowa.

Siku hiyo hiyo Texas wakatangaza kuanza kutumia sheria yao ya vitambulisho. Kibali cha kubeba bastola kinakubalika kituoni, kitambulisho cha chuo kikuu cha serikali hakikubaliki. North Carolina nao wakapanga upya mambo yao, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikayafuta ikisema yaliwalenga Weusi kwa usahihi wa karibu sawa na wa daktari mpasuaji.

Mimi kitambulisho chenyewe sina shida nacho, niseme ukweli. Kwetu huwezi kupiga kura bila kuonyesha kadi au kitambulisho, na mtu mzima asiye na kitambulisho nchi hii anapata tabu hata benki. Shida yangu ni kuchagua kipi kinafaa kwa kuangalia kinabebwa na nani.

Na hapa Ohio kuna jambo la kimyakimya zaidi. Ukikaa miaka miwili hujapiga kura, wanakutumia kadi ya posta wathibitishe kama bado unaishi pale. Usipojibu, na usipopiga kura miaka minne mingine, jina linaondolewa daftarini. Hujafa, hujahama, hujafungwa. Umekaa kimya tu. Mahakama ya Juu ilisema 2018, tena 5 kwa 4, ni halali.

Binti Ujiji

Naomba niingilie kwa wenye kadi ya kijani (wakazi wa kudumu wasio raia), maana humu mko wengi mnasoma kimya. Kaka yangu alikwenda ofisi ya leseni (jimbo silitaji). Karani anauliza maswali mbiombio: urefu, macho, utachangia viungo ukifa, unataka kujiandikisha kupiga kura. Yeye ndiyo, ndiyo, ndiyo, sahihi hapa. Alidhani yote ni ya leseni. Miaka mitano baadaye yuko kwenye usaili wa uraia anaulizwa: umewahi kujiandikisha kupiga kura Marekani? Jina lake likaonekana liko daftarini. Bahati yake hakuwahi kupiga. Ilichukua wakili na karibu miaka miwili ya kutolala mpaka wakamwelewa. Mama yetu Kigoma alifunga na kuomba mpaka akakonda.

Mzaramo Ughaibuni

Binti Ujiji umeokoa mtu leo. Sheria ya 1993 ndiyo iliyounganisha leseni na daftari la wapiga kura, kwa nia njema, watu wasisumbuke. Sheria za 1996 zikaja upande wa pili: asiye raia akipiga kura ya shirikisho ni kosa la jinai, na kujidai raia ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mbili hizo zinakutana kwenye dirisha moja la karani mwenye haraka. Jibu ni "hapana", kwa sauti, na usome kabla ya kusaini.

Na wale wanaosema wageni wanapiga kura kwa mamilioni: Georgia walikagua daftari lao 2024, watu milioni 8.2. Wasio raia walikuwa 20.

Dada wa Kisauni

Haya, na zile ramani? Nimeona Texas na California wanachoreana mipaka kama watoto wanaogombania ukuta.

Mzaramo Ughaibuni

Mchezo wa tangu 1812. Gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia sahihi ramani yenye eneo moja lililopinda kama salamanda, mnyama anayefanana na mjusi. Gazeti likaunganisha Gerry na salamanda, ndiyo jerimanda hadi leo.

Hesabu yake rahisi. Wapinzani wako warundike wote eneo moja washinde kwa asilimia 90, kura zao za ziada zioze humo. Waliobaki watawanye maeneo mengine kila mahali wawe 45. Katika majimbo mengi bunge la jimbo ndilo linalochora ramani, kwa hiyo wanaochora ndio hao hao wanaogombea. North Carolina mwaka 2016 Warepublican walipata asilimia kama 53 ya kura za ubunge wa Washington, wakachukua viti 10 kati ya 13. Mbunge aliyesimamia ramani ile alisema mbele ya kamati, kwa mdomo wake, kwamba wamechora 10 kwa 3 kwa sababu haikuwezekana kuchora 11 kwa 2. Wademokrat wa Maryland walikuwa wanafanya yao vilevile. Kesi zote mbili zikafika Mahakama ya Juu pamoja, 2019, na jibu likawa: upendeleo wa kichama kwenye ramani si kazi ya mahakama za shirikisho. Ukibagua rangi tutakusikiliza, ukibagua chama malizaneni. Na Kusini, ambako Mweusi kwa kawaida ni Mdemokrat, jaribu wewe kutenganisha hivyo viwili.

Kwa hiyo 2025 Texas wakachora upya katikati ya muongo, bila sensa mpya, wakilenga viti vitano zaidi vya Republican. California wakawapelekea wananchi pendekezo la kuweka kando ramani ya tume yao huru ili wapate vitano vya Democratic. Tarehe 4 Novemba wananchi wakakubali. Tume huru ndiyo kitu nilichokuwa nakisifia sana kwenye vijiwe. Siku hizi nakunywa chai yangu kimya.

Pangu Pakavu

Tarehe 4 Novemba si ndiyo siku yule kijana wa Kampala alichukua New York?

Mzaramo Ughaibuni

Ndiyo. Zohran Mamdani, kazaliwa Kampala 1991, na baba yake profesa Mahmood aliwahi kufundisha Mlimani miaka ya sabini, wazee wa jukwaa watamkumbuka. Uraia kaupata 2018, umeya kaushinda 2025. Urais ndio hapati kamwe, katiba inataka raia wa kuzaliwa.

Kwangu kilichovutia ni njia aliyopita. Huku chama hakina kadi, hakina ada, hakina kamati kuu ya kukata jina lako. Viongozi wakubwa wa Democratic wengi hawakumtaka, hawakuwa na wino wa kumfuta. Kura za maoni (Kenya mnaita mchujo) zinasimamiwa na serikali, na kwa New York wanaopiga ni wananchi waliojiandika wa chama hicho. New York ukitaka kubadili chama ufanye kabla ya katikati ya Februari, mchujo uko Juni. Ohio ni mteremko zaidi: unafika mezani kwangu, unasema "nipe karatasi ya Republican", umekuwa Mrepublican mpaka mchujo mwingine. Mama wa mkate wa ndizi alishangaa nilipomwambia kwetu mtu anaweza kuongoza kura za maoni halafu jina lisirudi.

Chuma Ulete

Hapo umenichoma mkuu. Nimejiona mimi 2020 😅 Lakini pesa je? Bila bilionea unafika?

Mzaramo Ughaibuni

New York wana utaratibu wao: mkazi akikuchangia hadi dola 250, mji unaongeza dola 8 kwa kila dola. Ndiyo maana dereva wa teksi wa Queens alikuwa na uzito. Kwingine ni pori. Mgombea wa shirikisho huruhusiwi kumpa zaidi ya dola 3,500 kwa uchaguzi, lakini kamati inayojiita huru, isiyoongea naye rasmi, unaweza kuimwagia chochote tangu hukumu za 2010. Musk alimwaga zaidi ya dola milioni 250 mwaka 2024. Kukaa mezani na mgombea marufuku, kumjengea ukumbi ruksa.

Mzee Kura Tatu

Hujagusa wajumbe 538 wa majimbo wanaomchagua rais.

Mzaramo Ughaibuni

Mzee nimewakwepa makusudi, kuna nyuzi kumi humu. Kwa kifupi: 270 unaingia Ikulu, majimbo 48 na mji wa Washington mshindi anabeba zote, Maine na Nebraska wanagawana. Ndiyo maana Hillary Clinton alizidi kwa kura karibu milioni 2.9 mwaka 2016 akarudi nyumbani. Na ndiyo maana kampeni hazifiki Wyoming wala California, wanajazana Pennsylvania kama nzi kwenye embe.

Mkazi wa Morse Road

Mleta mada, na mimi niko Columbus. Nimesoma ile ya kadi ya posta nikaenda kuangalia jina langu mtandaoni. Nilipata uraia 2015, nikapiga 2016, baada ya hapo shifti za ghala zikanimeza. Jina halipo. Kadi yenyewe nadhani niliiona, nilidhani tangazo la bima, nikawa naweka kikombe cha chai juu yake.

Mzaramo Ughaibuni

Pole ndugu yangu. Unajiandikisha upya mtandaoni, dakika kumi, uwe na leseni ya Ohio mkononi. Mwisho ni siku 30 kabla ya kura, ukipitisha siku hiyo hata mimi nikiwa kituoni siwezi kukusaidia. Andika anwani ya mahali unapoishi sasa. Ukikwama nitafute inbox, Jumamosi nipo nyumbani.

Mkazi wa Morse Road

Nimeingia kwenye ukurasa sasa hivi. Wananiuliza kama mimi ni raia. Baada ya post ya Binti Ujiji mkono unatetemeka, na cheti cha uraia kiko ukutani kwenye fremu.

Binti Ujiji

Kaka weka ndiyo. Wewe weka ndiyo.